Lusanga: mji uliojengwa kwa ajili ya mashini

Wasomaji wetu wengi wa Katanga, Kivu na Maniema hawajafika Lusanga. Mji huo uko mbali nasi, katika jimbo la Kwilu, pale mto Kwenge unapoingia katika mto Kwilu, upande wa Kikwit. Wenyeji wake husema Kikongo, si Kiswahili. Lakini historia yake yatuhusu, kwa sababu miji mingi ya kwetu imezaliwa kwa namna ile ile: kompanyi ilikuja, ikasimamisha mashini, ikaita watu, na siku moja ikaondoka. Basi tunauliza swali moja: mashini ikizimika, mji ni mali ya nani?

1. Mapatano ya mwaka 1911

William Lever alikuwa mfanyabiashara Mwingereza mwenye kutengeneza sabuni. Sabuni yataka mafuta mengi, na Kongo ilikuwa na misitu ya michikichi. Tarehe 14 Aprili 1911 alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji, ikaanzishwa kompanyi ya Huileries du Congo Belge, yaani H.C.B. Serikali ilimpa nafasi ya kuchagua ardhi ndani ya duara tano. Kila duara ilikuwa na kilomita 60 toka katikati hadi ukingoni, maana yake kilomita za mraba zaidi ya 11,000. Mwishoni kompanyi ingeweza kupata hekta 750,000 kwa jumla. Wenye nchi hawakukaa mezani siku ile.

Mapatano hayo yalikuwa na maneno mazuri pia. Kompanyi ilipaswa kujenga shule na hospitali, na mshahara usipungue santimu 25 kwa siku. Katikati ya duara mojawapo palikuwa Lusanga. Jina likabadilishwa, pakaitwa Leverville.

Kwa nini mtoni? Kwa sababu ngazi, yaani matunda ya mchikichi, hayangoji. Yakisha kukatwa huanza kuharibika upesi, na mafuta yake huwa makali. Lazima yafike haraka kwenye mashini, yapikwe kwa mvuke, yapondwe, yakamuliwe. Kokwa hupasuliwa kando, na mbegu za ndani huuzwa peke yake. Ndiyo maana mji ulikaa kwenye maungano ya mito: mito miwili ilileta ngazi toka porini, na masuwa zilishuka na mafuta kwenda Léopoldville. Kila kitu cha Leverville, njia, bandari, nyumba na saa ya kengele, kilipangwa kufuata njaa ya mashini.

2. Mkata-ngazi

Lakini mashini haipandi mtini. Mtu ndiye aliyepanda, amejifunga mshipi kiunoni na kuuzungusha kwenye shina, na shoka mkononi. Alikata shada zenye miiba, kisha akazibeba, mara nyingi pamoja na mke na watoto, hata kituo cha kompanyi. Kazi hiyo ni ya hatari, na watu wengi waliikataa. Basi watumishi wa Bula Matari walisaidia kompanyi kutafuta watu. Kodi ililazimisha, machifu walilazimishwa, na watu walitolewa mbali, hasa katika nchi ya Wapende. Mnamo mwaka 1923 daktari wa serikali, Emile Lejeune, aliandika taarifa iliyoonyesha jinsi wafanyakazi wa Leverville walivyokaa na kula vibaya.

Baadaye yaliongezwa mapatano mengine, yaliyoitwa ya pande tatu: serikali, kompanyi na wenyeji. Kwa mapatano hayo, ngazi za eneo zilipaswa kuuzwa kwa kompanyi peke yake. Mtu ambaye baba yake alipanda mchikichi alikatazwa kumuuzia mchuuzi mwingine aliyetoa bei bora.

Tukumbuke kwamba Lever huyo huyo alikuwa amejenga Port Sunlight, kule Uingereza, toka mwaka 1888: nyumba nzuri, bustani na maktaba kwa watengenezaji wa sabuni. Sabuni ilikuwa moja, bwana alikuwa mmoja, lakini haki hazikuwa moja.

Wala tusifiche upande wetu. Wayezuiti na masista walifanya kazi Leverville, wakafundisha watoto na kutunza wagonjwa. Wema huo ni wa kweli, na wako wazee wanaousifu. Lakini mtoto alijifunza kusoma katika mji ule ule ambamo watu wazima walilazimishwa kupanda mtini. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja, na mwenye kuandika historia hana ruhusa ya kuchagua moja tu.

3. Damu ya mwaka 1931

Shida ya biashara ya dunia ilipoanza mwaka 1929, bei ya mafuta ilianguka. Kompanyi zikapunguza bei ya ngazi, lakini kodi haikupungua kadiri hiyo. Mwaka 1931 Wapende wakaasi. Mwezi wa Juni waliua mtumishi wa serikali, Maximilien Balot. Askari walitumwa, wakaua watu zaidi ya 500.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule Kwilu mgeni alikuja, na mwenyeji akalia.

4. Mashini inazimika

Kabla ya Uhuru Kongo ilikuwa kati ya nchi za kwanza duniani kwa kuuza mafuta ya ngazi. Lakini mwezi wa Januari 1964 uasi wa Pierre Mulele ulianza katika Kwilu. Miaka iliyofuata ilileta barabara mbovu, pesa isiyo na nguvu, na michikichi iliyozeeka bila kupandwa mipya. Wakati huo Malaysia na Indonesia zilipanda mashamba mapya makubwa. Unilever, mrithi wa kompanyi ya Lever, iliondoka Lusanga. Jina la Lever lilikuwa limekwisha kufutwa, la zamani likarudi.

Jina lilirudi, lakini mshahara haukurudi, na kwa sehemu kubwa ardhi nayo haikurudi mikononi mwa wenyeji. Kuta za kiwanda zimebaki, chuma kimeliwa na kutu. Watu wanalima mihogo, wanakamua mafuta kwa mashini ndogo za kuzungusha kwa mikono, na wanapeleka sokoni kidogo kidogo.

5. Kununua nchi yao wenyewe

Hata hivyo Lusanga haikufa. Mwaka 2014 wafanyakazi wa mashamba waliunda chama cha wasanii, kiitwacho C.A.T.P.C. Wanachonga sanamu kwa udongo. Sanamu hizo hutengenezwa tena kwa kakao na mafuta ya ngazi, kisha huuzwa Ulaya na Marekani. Mwaka 2017 ilifunguliwa kwao nyumba nyeupe ya maonyesho, iliyoletwa kwa kazi ya Renzo Martens, msanii wa Uholanzi. Mwaka 2024 walionyesha kazi zao Venise, katika nyumba ya Uholanzi. Mwaka huo huo sanamu ya Balot, iliyochongwa na Wapende wakati wa uasi na kuhifadhiwa Marekani, iliazimwa, ikarudi Lusanga kwa miezi kadhaa.

Jambo kubwa kwetu si maonyesho. Ni kwamba kwa pesa hizo wamenunua karibu hekta 200, nao wanapanda miti na vyakula. Wamenunua kwa pesa nchi ambayo babu zao walinyang'anywa kwa karatasi. Tunafurahi, na pia tunasikitika. Tena tuseme wazi: wanunuzi wa sanamu wako mbali, kama walivyokuwa mbali wanunuzi wa mafuta. Siku wakichoka, bei itaanguka. Lakini safari hii hekta zitabaki, na muhogo hauulizi bei ya Ulaya.

6. Fundisho kwetu

Katika Katanga tunajua kilio hicho. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi katika Gécamines. Wengi walikuwa wamepata toka kompanyi nyumba, unga, shule na dawa. Ilipoanguka, vyote vilianguka siku moja.

Basi jibu la swali letu ni hili. Mji ni mali ya yule mwenye kushika ardhi yake na kukata bei ya jasho lake. Leverville ilikuwa na shule, hospitali, bandari na taa, wala haikuwa mali ya watu wake hata siku moja. Lusanga ya leo ni maskini, lakini ina hekta chache zilizo zake. Leo kompanyi mpya zinafika tena vijijini mwetu, zikitafuta shaba, kobalti na mashamba. Kabla ya kuhesabu shule zinazoahidiwa, tuulize: nani amekaa mezani, na karatasi ya ardhi itaandikwa jina la nani?