Kutoka Bagamoyo hadi Jukwaa la Roki: Hukwe Zawose na Somo Lake kwa Historia ya Ngoma za Mtwara

Katika historia ya roki ya Uingereza, mwanamuziki anayemudu ala nyingi huhesabiwa kuwa mtu wa pekee. Mfano mmoja ni Brian Jones, mwasisi mmojawapo wa Rolling Stones, bendi iliyoundwa mwaka 1962. Jones alipiga gitaa na kinanda cha mdomo. Mwaka 1966 akaongeza sitari ya Kihindi na marimba, ala ambayo jina lake ni la Kibantu. Makala haya yanadai kwamba safari hiyo ya ala ina upande wa pili, nao ni Hukwe Zawose wa Tanzania, aliyefika kwenye jukwaa la roki akiwa amebeba ala zake mwenyewe.

Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma. Alipiga marimba ya vidole iitwayo ilimba, zeze, filimbi na ngoma, tena aliimba kwa sauti yenye upeo mpana mno. Ala zake alizitengeneza pia kwa mkono wake. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akajiunga na Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Baadaye alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981.

Uingereza ilimpokea kupitia Peter Gabriel, aliyekuwa mwimbaji na mpigaji filimbi wa bendi ya Genesis hadi mwaka 1975. Gabriel alishiriki kuasisi tamasha la WOMAD, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1982, na mwaka 1989 akaanzisha kampuni ya kurekodi ya Real World. Kampuni hiyo ilitoa albamu ya Zawose, Chibite, mwaka 1996. Mwaka 2002 Zawose na ndugu yake Charles walifungua maonyesho ya Gabriel huko Marekani. Zawose alifariki Desemba 2003.

Je, jambo hili linaihusu vipi Mtwara? Kikundi kilekile cha Taifa kilicheza sindimba, ngoma ya Wamakonde, hata ikajulikana nchi nzima. Hata hivyo, sindimba ilienea kwa jina la kabila, si kwa jina la mpigaji. Zawose naye angeweza kubaki “ngoma ya Wagogo” tu. Kilichomtofautisha si kipaji peke yake. Jalada la albamu lina desturi ya kuandika nani amepiga nini. Desturi hiyo ni ya soko, wala haina haki kamili, kwani humtenga mtu mmoja na jamaa waliomlea kisanaa. Lakini bila jina, mwanahistoria hana maisha ya kuyaandika.

Kwa hiyo, mtafiti anayerekodi ngoma kuanzia Newala na Mikindani hadi Msimbati, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, asitosheke na kuandika kabila, kijiji na tarehe. Aulize ni nani anayepiga ile ngoma ndogo ichomekwayo ardhini, ni ala zipi nyingine anazimudu, na ni nani aliyemfundisha. Wazee wenye majibu hayo wanazidi kupungua, na sindimba isiyo na majina ya wapigaji wake itabaki kuwa sifa ya wote isiyo na historia ya yeyote.