Bawa lililogoma kubeba: akina Wright na namba ya zamani

Ukiwahi kutengeneza ndege ya mfano ukairusha, halafu ikaanguka puu miguuni pako, jambo la kwanza unalofanya ni kulaumu mikono yako. Umekata vibaya, gundi imezidi, ubavu mmoja umepinda. Mara nyingi ni kweli. Lakini je, kama umekata sawasawa na ramani ndiyo yenye kosa?

Hayo ndiyo yaliyowakuta Wilbur na Orville Wright, mafundi baiskeli wa Dayton, Ohio. Kiangazi cha 1901 walipeleka glaida yao mpya kwenye matuta ya mchanga ya Kill Devil Hills, North Carolina. Bawa lilikuwa na urefu wa futi 22 na upana wa futi 7, na walilipinda kwa kiwango kilekile alichotumia Otto Lilienthal, Mjerumani aliyekufa mwaka 1896 baada ya kuanguka na glaida yake. Kwa hesabu, lingewabeba vizuri tu. Wapi! Nguvu ya kuinua ilikuwa kama theluthi moja ya ile waliyoitarajia, na chombo kilikuwa kigumu kukiongoza.

Walianza na marekebisho ya kifundi, palepale kambini. Waliongeza vijiti na waya, wakazivuta mbavu za bawa chini ili mpindo upungue. Uongozaji ukawa nafuu. Kubeba, bado. Walirudi nyumbani wamekata tamaa kiasi kwamba Wilbur alisema binadamu hataruka wakiwa hai.

Septemba hiyo Wilbur alizungumza mbele ya wahandisi huko Chicago, akaonyesha shaka juu ya jedwali la Lilienthal. Sasa, kumtilia shaka marehemu hadharani si jambo dogo, kwa hiyo ilibidi wathibitishe. Kwanza walifunga gurudumu la tatu, limelazwa, juu ya usukani wa baiskeli, wakalitia vipande vya chuma na kupiga pedali mtaani ili wapate upepo. Kisha wakatengeneza kitu bora zaidi: boksi la mbao lenye urefu wa futi 6, na feni mwisho mmoja. Ndani yake waliweka mizani iliyoundwa kwa spoku za baiskeli na vipande vya msumeno wa chuma. (Mimi ningekuwa nao ningeanza kwa kulalamika kwamba maabara haina vifaa.)

Mabawa yenyewe yalikuwa madogo ya kutosha kukaa kiganjani. Waliyakata kwa mkasi wa bati, wakayagonga kwa nyundo kupata mpindo, na pengine wakaongeza lehemu au nta kubadilisha umbo. Hapa ndipo ujanja wote ulipo. Glaida nzima ikikosewa, msimu umepotea na shingo yako iko hatarini. Kipande cha bati kikikosewa, unakata kingine kabla ya chai. Kufikia Desemba walikuwa wamejaribu maumbo kama 200.

Majibu yakawashangaza. Lilienthal hakuwa amekosea sana! Jedwali lake lilihusu bawa la umbo moja, refu na jembamba, na wao walikuwa wamelitumia kwa bawa fupi na pana. Ni kama kushonewa suti kwa vipimo vya jirani. Kosa la pili lilikuwa la zamani zaidi: namba ya shinikizo la hewa, 0.005, iliyoitwa kwa jina la John Smeaton, mhandisi Mwingereza aliyechapisha kazi yake juu ya vinu vya upepo mwaka 1759. Watu waliinakili tu, kizazi kwa kizazi. Akina Wright walipata karibu 0.0033. Yaani yeyote aliyetumia namba ya zamani alijihesabia nguvu iliyozidi kwa nusu nzima kabla hajagusa hata ubao mmoja.

Bawa la 1902 likawa na urefu wa futi 32 na upana wa futi 5, na mpindo mdogo zaidi. Septemba na Oktoba mwaka huo waliruka nalo mara kati ya 700 na 1,000. Lilibeba. Safari hii kilichowasumbua kilikuwa mkia.