Kasoro

Katika "saa tatu kasoro robo" neno hili hupunguza tu, halilaumu. Gari lenye kasoro ni habari nyingine. Wanafizikia wana maana ya tatu. Mwaka 2006 Narayan, Menon na Ramaswamy walitetemesha vijiti vilivyotandazwa tabaka moja: vya silinda vilielekea kupangana kwa pembe mraba, vyembamba nchani vikalala sambamba, na mchele wa basmati (naam, wa pilau) ukaonyesha dalili za safu safu. Vijiti vikilazimika kufuata ukingo wa duara, ndani lazima pawepo mahali mwelekeo unapopotea. Hiyo ndiyo kasoro, na haina fundi: jumla yake imeamuliwa na umbo la chombo. Kwa vijiti vinavyolala sambamba, kasoro hiyo kwa kawaida hugawanyika katika nusu mbili, zinazokimbiana.