Jina Kubaki, Faili Kubadilika: Historia ya Mwito wa rename na Tatizo la Istilahi Yake

Katika Kiswahili cha kompyuta, kirai "badili jina la faili" kimezoeleka kiasi kwamba muundo wake haumshughulishi mtu. Hata hivyo, a-unganifu iliyomo humo inadai umiliki: faili lina jina lake, nalo linaondolewa ili lingine liwekwe. Makala haya yanaonesha kwamba katika Unix, mfumo endeshi ambao Linux imejengwa kwa kufuata misingi yake, mwito wa rename ulianzishwa kwa haja iliyo karibu kinyume cha hiyo.

Unix ilianza kuundwa katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1969. Dennis Ritchie na Ken Thompson walieleza katika makala yao ya 1974 kwamba faili halikai ndani ya saraka. Saraka ni orodha ya majina tu, na kila jina limeambatanishwa na namba inayoelekeza zilipo taarifa za faili. Katika matoleo ya awali kila mstari wa orodha ulichukua baiti 16: 2 za namba na 14 za jina. Taarifa zenyewe, yaani mmiliki, ukubwa na mahali data ilipo kwenye diski, hazikubeba jina lolote. Faili moja liliweza kuwa na majina kadhaa katika saraka mbalimbali, na hakuna lililokuwa jina kuu. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa: mwanamke yuleyule ni Asha kwa wazazi wake, Mama Juma kwa majirani na Mwalimu kwa wanafunzi. Tofauti ni kwamba faili hufutika pale jina lake la mwisho linapoondolewa, mradi hakuna programu inayoendelea kulitumia.

Kwa mpango huo hapakuwa na mwito wa kubadili jina. Kulikuwa na link, wa kuunga jina na faili, na unlink, wa kutengua muungano huo. (Jozi hii inakumbusha funga na fungua, lakini unga haina bahati hiyo, kwa wasemaji wengi ungua ni kupatwa na moto.) Programu iliyotaka kuweka toleo jipya la faili mahali pa lile la zamani iliandika kwanza faili la muda, kisha ikafuata hatua tatu: kuondoa jina la zamani, kuliunga jina hilo na faili jipya, na kuondoa jina la muda. Umeme ukikatika baada ya hatua ya kwanza, toleo jipya lilibaki na jina la muda tu, na jina lililojulikana likatoweka. Kwa faili la nywila hilo si jambo dogo, kwani programu ya kuingia kwenye mfumo hulitafuta kwa jina lake, /etc/passwd, na si vinginevyo.

Tiba ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika toleo la 4.2BSD la mwaka 1983. McKusick, Joy, Leffler na Fabry walieleza mwaka uliofuata kwamba rename inazifanya hatua zile kuwa tendo moja, na kwamba jina lengwa halikosi kuwapo. Kwa upande wa saraka, mfumo ulipaswa pia kukagua nasaba, ili saraka isihamishiwe ndani ya kizazi chake yenyewe. Kiwango cha POSIX cha 1988 kiliihifadhi dhamana ya jina lengwa. Kiwango cha lugha ya C cha 1989 kilikuwa na kitenzi hichohicho, lakini kikawaachia waundaji waamue iwapo jina jipya limekwisha kutumika. MS-DOS, kwa mfano, ilikataa. Hivyo rename ikawa na maana mbili: kupokea jina lililo wazi, na kulitwaa jina la mwingine. Linux ilizitenganisha mwaka 2014 kwa renameat2, ambayo pia inaruhusu faili mbili kubadilishana majina. Hapo kiambishi -an- kinafanya kazi ambayo Kiingereza kinahitaji neno jingine kuifanya.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kuandaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, wasomaji waliolengwa walikuwa watumiaji wa kawaida, na kwao "badili jina" inatosha. Haitoshi kwa anayefundisha mifumo endeshi kwa Kiswahili. Katika tukio la /etc/passwd jina halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kirejelewa chake. Mwanafunzi akiambiwa "faili limepewa jina jipya" atatafuta badiliko mahali lisipokuwapo. Sentensi inayolingana na tendo lenyewe ni "jina limepewa faili jipya", ambapo jina ndilo mpokeaji na faili ndicho kinachotolewa.