Nani Alitangulia Nakivale?

Mwaka jana vijana wetu wa mpira walikaribia kupigana. Upande mmoja wakimbizi, upande mwingine wenyeji wa kijiji cha jirani, na ugomvi ni ule ule: kiwanja ni cha nani? Kijana mmoja mwenyeji akasema, "Nyinyi mmekuja juzi na malori ya UNHCR." Wa kwetu akajibu, "Babu yangu amezikwa hapa!" Mwenye filimbi nilikuwa mimi. Niliwatenganisha, lakini usiku sikulala vizuri, maana sikujua nani anasema kweli. Mimi nilitoka Kongo nikiwa mtoto. Kwangu Nakivale ilianza siku tuliyopewa turubai.

Nikaamua kutafuta karatasi. Leo Nakivale iko wilaya ya Isingiro, lakini zamani Isingiro ilikuwa saza moja la Ankole, na mambo ya Ankole yaliendeshwa kutoka Mbarara. Basi nikaandika barua ya kuomba ruhusa, nikaandika ya pili, halafu siku moja nikapanda taksi inayopita Masha hadi mjini. Nikaonyeshwa chumba cha mafaili ya zamani. Vumbi tupu! Mafaili yamefungwa kwa kamba, mengine mchwa wameshakula pembeni.

Nisifiche: nilikwenda kutafuta ushindi. Na mwanzoni niliupata. Ghasia za Rwanda zilianza mwaka 1959, na watu wakavuka mpaka kuingia Ankole. Mwaka 1960 Nakivale ikatangazwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi. Uganda yenyewe ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Yaani makazi yetu yana umri kuliko bendera! Nikacheka peke yangu mle chumbani.

Kicheko kiliisha nilipofika kwenye sheria ya wakimbizi ya mwaka huo wa 1960. Mkimbizi alitakiwa kukaa pale alipopangiwa, na kutoka bila kibali lilikuwa kosa. Hata mifugo aliyokuja nayo, serikali iliweza kuizuia au kuichinja. Sisi tuliokulia chini ya sheria ya 2006, inayotambua haki ya kutembea na kufanya kazi, tunalalamika sana, na mara nyingi tuna sababu. Lakini wale wa kwanza walianzia mbali zaidi.

Halafu nikajiuliza swali ambalo sikulipenda. Kwa nini waliletwa hapa na si mahali pengine? Kwa sababu watu walikuwa wachache. Na kwa nini walikuwa wachache? Mbung'o. Nzi hao walienea Ankole, ng'ombe wakafa kwa nagana, wafugaji wakahama na mifugo iliyobaki. Baadaye serikali ikatuma wawindaji waue wanyama wa porini na watu wafyeke vichaka, ili mbung'o wakose chakula na pa kujificha. Kumbe ardhi haikuwa tupu tangu mwanzo. Wenyewe walikuwa wamekimbia. Walikimbia nzi, si risasi, lakini walikimbia.

Niliporudi nilimweleza mzee mmoja Mnyarwanda, jirani yetu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, na mwaka 1982 umeukuta humo?" Nikamwambia hapana, sikufika huko. Akanisimulia Oktoba ya mwaka ule, Wanyarwanda walipofukuzwa kwenye nyumba zao Ankole, mabati yaking'olewa, ng'ombe wakichukuliwa. Maelfu walivuka kwenda Rwanda, na maelfu wakakimbilia Nakivale na Oruchinga. Wengi wao walikuwa raia wa Uganda. "Raia," alirudia, "wanatafuta usalama kwa wakimbizi."

Jumamosi iliyofuata niliwaketisha vijana wa pande zote mbili chini ya mti, nikawaeleza yote, pamoja na yale yasiyonipendeza. Yule kijana mwenyeji akauliza, "Sasa ticha, kiwanja ni cha nani?" Nikamwambia karatasi hazikusema. Wakanyamaza kidogo. Halafu akasema bibi yake huwa anataja habari za mbung'o, ila yeye alidhani ni hadithi za wazee tu. Tukapanga kucheza kwa zamu. Bado wanagombana, lakini sijasikia tena neno "juzi".

Sasa nina ombi kwenu wasomaji, wakimbizi, wenyeji na nyinyi mnaofanya kazi za misaada. Kadi ya posho ya zamani, cheti cha shule, picha ya harusi, barua ya ploti: msiwashie moto. Nileteeni nipige picha, nitawarudishia siku hiyo hiyo. Na kama nyumbani kuna mzee, muulizeni leo. Mchwa hawangoji.