Pointi 29 za Hank Gathers

Ndugu msomaji, hebu fikiria umepewa karatasi moja tu. Imeandikwa majina ya wachezaji wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu cha Loyola Marymount, pale Los Angeles, msimu wa 1989-90, na mbele ya kila jina kuna wastani wa pointi kwa mchezo. Bo Kimble, 35.3. Hank Gathers, 29.0. Jeff Fryer, 22.7. Chini kabisa, timu nzima: 122.4. Hakuna chuo cha daraja la kwanza Marekani kilichowahi kufikisha wastani huo, si kabla yao wala baada yao. Halafu unaambiwa: haya, wapime hawa vijana. Nani mkali?

Wengi wetu tungejibu palepale. Kimble ndiye baba lao, Gathers anamfuata, Fryer wa tatu, kazi imekwisha, tuleteeni chai. Lakini karatasi ile ina mambo.

Kwanza ujue timu ilichezaje. Kocha wao, Paul Westhead, alikuwa mtu wa mbio. Huyu ndiye aliyewaongoza Lakers kuchukua ubingwa wa NBA mwaka 1980, na alipofika Loyola aliamua kwamba mpira ukishatua mikononi mwa vijana wake, ni kukimbia tu. Sheria za vyuo wakati ule zilimpa mchezaji sekunde 45 kabla ya kutupa. Loyola hawakutaka zifike hata 10. Sasa, ukitupa haraka, mwenzako naye anaupata mpira haraka. Ndiyo maana wapinzani wao nao walikuwa wakifunga zaidi ya 100 kwa mchezo! Pointi pale ilikuwa kama noti wakati bei zimepanda: unazo mfuko mzima, lakini zinanunua nini?

Njia moja ya kuipima noti hiyo ni kuuliza mchezaji alichukua fungu gani katika pointi za timu yake. Chukua kalamu tupige hesabu. Kimble, 35.3 katika 122.4, ni kama asilimia 29. Huyo ni mkali kweli, hakuna ubishi. Fryer ni asilimia 18 na nusu. Sasa mlete kijana mmoja wa mwaka wa kwanza pale North Carolina, msimu wa 1981-82, aliyekuwa na wastani wa 13.5 tu. Timu yake ilikuwa ikifunga takriban 67 kwa mchezo, maana wakati ule vyuo vingi vilicheza bila saa ya kuwaharakisha, na kocha Dean Smith hakuwa na haraka na mtu. Fungu la kijana yule ni asilimia 20. Yaani 13.5 yake ilikuwa nzito kuliko 22.7 ya Fryer. Jina lake Michael Jordan, na katika jedwali la timu yake alikuwa wa tatu, nyuma ya James Worthy na Sam Perkins. Mpira ulioamua fainali ya mwaka ule, 63 kwa 62 dhidi ya Georgetown, aliutupa huyo wa tatu.

Simdharau Fryer, jamani. Nitamrudia.

Noti za Loyola zilipopelekwa kwenye soko jingine, mambo yakawa kama unavyofikiri. Kimble alichaguliwa wa nane na Clippers mwaka 1990, na msimu wake wa kwanza wa NBA hakufikisha hata wastani wa pointi 7. Westhead naye akaenda kufundisha Denver na mbio zake zilezile. Timu ikafunga karibu 120 kwa mchezo, ikafungwa karibu 131, ikashinda michezo 20 na kupoteza 62. (Denver walifaidika kwa njia ya ajabu: kwa kuvurunda vile walipata nafasi ya juu ya kuchagua, wakamchukua Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa.)

Lakini namba inayoninyima usingizi ni ile 29.0 ya Gathers. Msimu wa nyuma yake, 1988-89, Gathers alikuwa na pointi 32.7 na ribaundi 13.7 kwa mchezo. Aliongoza vyuo vyote vya daraja la kwanza kwa vyote viwili, jambo ambalo kabla yake alilifanya Xavier McDaniel peke yake. Msimu uliofuata pointi zikawa 29.0, ribaundi 10.8. Mpimaji wa mezani angeandika nini? Kashuka kiwango. Kabweteka. Kimble kampita.

Kumbe tarehe 9 Desemba 1989 Gathers alianguka uwanjani, akiwa kwenye mstari wa mitupo huru. Madaktari wakagundua mapigo ya moyo wake yanakwenda mrama akifanya mazoezi makali. Akapewa dawa ya kuyatuliza. Akarudi kucheza, lakini akalalamika kwamba dawa inamfanya mzito, na timu ile mtu mzito angeishije? Dozi ikapunguzwa. Februari 3, 1990, kule Louisiana, akafunga pointi 48 na kukamata ribaundi 13 mbele ya Shaquille O'Neal, mchezo walioupoteza 148 kwa 141 baada ya muda wa nyongeza. Ukiitazama 48 ile ukiwa hujui kitu, unasema kijana amepona.

Machi 4, 1990, kwenye uwanja wa nyumbani, alirushiwa pasi ya juu akaidaka hewani na kuipachika kikapuni. Dakika chache hazikupita, akaanguka tena. Alifariki jioni ile, akiwa na miaka 23. Katika jedwali la msimu hakuna safu ya moyo wala ya dozi. Kuna 29.0.

Mashindano ya ligi yao yalisimamishwa, na Loyola wakapewa nafasi ya kwenda mashindano ya kitaifa. Wakawapiga Michigan, mabingwa watetezi, 149 kwa 115. Siku hiyo Fryer, huyo niliyempunguzia bei hapo juu, alitupia mitupo ya pointi tatu mara 11 na kumaliza na pointi 41. Walitolewa na Las Vegas, ambao ndio waliochukua kombe.

Gathers alikuwa dhaifu kwenye mitupo huru, hata akahamia mkono wa kushoto ingawa wa kulia ndio wake. Kimble alikua naye Philadelphia, wakasoma shule moja na kuhamia Loyola pamoja. Katika mchezo wa kwanza wa mashindano yale, dhidi ya New Mexico State, Kimble alipopata mtupo wake huru wa kwanza aliurusha kwa mkono wa kushoto. Ukaingia. Alifunga pointi 45 siku ile, na huo ukahesabiwa 1.