Nani anaita nani? Historia ya kufinya butoni

Leo nawapa historia ya kitu kidogo sana: butoni ya kwenye kioo cha ordinatere. Mimi nilijifunza historia yake kwa haya.

Nilipokuwa finalisti, sekondari moja iliniomba programu ya kuandika minervale. Nikatumia Visual Basic. Nilichora butoni "Lipa", nikaifinya mara mbili, nafasi ya kuandika ikafunguka, nikaandika mistari yangu. Ikatembea vizuri. Kisha siku moja prefe akaniita. Mtoto mmoja alikuwa na risiti 3, lakini ndani ya kese mlikuwa feza za malipo moja tu. Mama mwenye kupokea feza alikuwa amesimama pale, machozi karibu.

"Mwanangu, nilifinya, ikanyamaza. Nikafinya tena, na tena. Sikuiba kitu."

Prefe akanigeukia: "Ni mashini yako inadanganya, ao ni mama?"

Nikakosa jibu. Ile mistari niliiandika mimi mwenyewe, lakini sikujua ni nani aliyekuwa anaiita ifanye kazi. Ili kujibu, nilipashwa kurudi nyuma.

Zamani programu njo ilikuwa mkubwa. Inauliza jina, unajibu. Inauliza feza ngapi, unajibu. Kila kitu kwa mpangilio wake. Tarehe 9 Desemba 1968, huko San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha kipanya mbele ya watu. Mwaka wa 1973, watu wa Xerox huko Palo Alto wakatengeneza Alto, ordinatere yenye madirisha na kipanya. Hapo mambo yakageuka: mwenye kipanya anagusa popote, wakati wowote anaotaka. Programu haiulizi tena, inangojea kuitwa. Katika nyumba ileile, Alan Kay na wenzake walitengeneza Smalltalk, lugha ambamo vitu vinafanya kazi kwa kutumiana ujumbe.

Macintosh ilipotoka Januari 1984, kila programu ilikuwa inazunguka bila kuchoka ikiuliza: kuna tukio? Ikiambiwa mtu amefinya, inatafuta yenyewe ni wapi amefinya.

Windows ya kwanza, ya Novemba 1985, ilichukua njia ingine. Pale butoni yenyewe ni dirisha dogo, mtoto wa dirisha kubwa. Ukiifinya, haifanyi ile kazi. Inamwambia mzazi wake tu, kwa ujumbe unaoitwa WM_COMMAND, ndani yake mna namba ya butoni na alama BN_CLICKED: nimefinywa. Ni kama mtoto anayesikia hodi mlangoni: hafungui, anakimbia kumwambia mama. Mama ndiye anaamua.

Lakini huyo mama anasikiliza jambo moja moja. Akiwa na kazi mkononi, kufinya kwingine kunapanga foleni na kungojea. Hakupotei. Katika Windows za mwanzo, programu moja ikichelewa, zote zilisimama pamoja nayo. Windows 95 ilipunguza ile shida, juu programu mpya za wakati ule zilipata kila moja foleni yake. Ila ndani ya programu moja, foleni ilibaki foleni.

Na Visual Basic, iliyotoka 1991, ilificha hayo yote. Unafinya butoni mara mbili, unaandika, basi. Ilifungulia watu wengi mlango, lakini sisi tulioingia kwa mlango ule hatukuiona ile foleni.

Nilirudi kwa prefe na jibu. Mbele yao wawili niliandika jina la uongo, nikafinya "Lipa" mara 3 haraka, kisha nikainua mikono juu. Mistari yangu ilikuwa inaandika malipo na kuchapa risiti kabla ya kurudi kwenye foleni, na kioo kilikuwa kimenyamaza. Risiti ya kwanza ikatoka. Ya pili. Ya tatu. Hakuna mtu aliyekuwa amegusa kitu. Prefe akazitazama, akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia mama na kumuomba musamaha.

Siku ile nilipanga butoni ifungwe mara tu inapofinywa. Tena nikapatia kila malipo namba yake, ili programu ikatae kuandika namba moja mara mbili, hata butoni ifinywe mara kumi.

Mashini haikudanganya, mama pia hakudanganya. Ni mimi niliyeleta kazi nisiyoielewa, na karibu mtu mwingine apoteze mkate juu yangu. Nyinyi mnaotayarisha TFC, kabla ya kunakili mistari ya mwenzenu, jiulizeni hii: ni nani anaiita, na wengine wanangojea wapi? Juri inaweza kusahau kuwauliza. Mama wa kwenye kese njo atalipa.